Siku Nilipompaka Punda wa Shangazi Chumvi ya Ng'ombe

Mpaka leo nikipita stendi waendesha bodaboda wananitolea ndimi na kulamba hewa, kisha wanagongeana viganja na kucheka, na mimi sina la kujibu kwa sababu ni kweli, ilitokea, mbele ya kata nzima, na video zipo. Kwa hiyo afadhali niwasimulie mwenyewe kuliko msimuliwe na mtu mwingine ambaye ataongeza idadi ya ng'ombe. (Walikuwa kumi na saba. Wanaosema hamsini ni waongo.)

Kwanza mjue kwamba kwa jina la ubatizo naitwa Daniel, lakini pale kijijini Gitting, chini ya mlima Hanang, watoto wananiita Kwa Nini. Nilimaliza chuo mwaka juzi, sosholojia, na tangu nirudi naishi kwa Shangazi Martina, dada wa marehemu baba, nikisubiri ajira ambazo sina hakika kama nazo zinanisubiri. Huwa nauliza. Sioni ubaya wake. Nimeuliza kwa nini mtu asipige mluzi ndani ya nyumba, kwa nini mgeni lazima ale hata kama ameshiba, na kwenye jumuiya niliuliza maswali mengi kuhusu safina ya Nuhu mpaka katekista akaniomba, kwa upole kabisa, niwe nachelewa kufika.

Shangazi ana punda mmoja, anaitwa Sista. Ni wa kijivu, na mgongoni ana ule msalaba mweusi walio nao punda wengi wa huku, mstari mmoja unafuata uti wa mgongo na mwingine unakatiza mabegani. Shangazi anasema Mungu aliuchora kwa mkono wake. Nilimweleza kuhusu jeni. Akaniuliza, "Na hizo jeni nani alizituma?" nikakumbuka kwamba kuna kuni sijapasua.

Sasa, huyu Sista ana makovu mawili, na hapa ndipo aibu yenyewe inapoanzia, maana makovu yale ni yangu. Desemba iliyopita nilitumwa kupeleka viazi sokoni. Shangazi akanipa gunia kuukuu lililokunjwa mara nne la kumwekea punda mgongoni chini ya kamba. Nikauliza kwa nini. Akasema, "Ndivyo inavyofanywa." Hilo ndilo jibu ninalolichukia kuliko majibu yote duniani, kwa hiyo nikaliacha gunia nyuma ya mlango, nikafunga viazi juu ya mgongo mtupu, nikaenda zangu. Jioni kamba zilikuwa zimemla Sista mgongo, kidonda huku na kidonda huku, kila kimoja ukubwa wa kiganja. Kupona kulichukua miezi miwili, na miezi miwili hiyo Shangazi, ambaye ana miaka sitini na kiuno kibovu, alikuwa anakwenda chemchemi mara tatu kwa siku na ndoo kichwani. (Mimi nilikuwa Dodoma, nafuatilia usaili. Sikuupata.) Niliporudi hakunilaumu hata neno moja. Kama mmewahi kukosa kulaumiwa mnajua kwamba ni kubaya kuliko kulaumiwa.

Basi mwezi wa sita mwaka huu likatangazwa onesho la mifugo kule Mogitu, na safari hii likaongezwa shindano la punda, yaani punda aliyetunzwa vizuri kuliko wote, na zawadi ya kwanza ni mkokoteni mpya wa matairi mawili. Niliposikia neno mkokoteni moyo uliruka. Mkokoteni unabeba madumu sita kwa safari moja, kamba haigusi mgongo wa punda, ndoo haigusi kichwa cha Shangazi, na mimi naacha kuamka na lile jiwe kifuani. Nikajua pale pale kwamba mkokoteni ule lazima uje Gitting. Shida ilikuwa makovu. Vidonda vilishapona, manyoya yalishaota, lakini yaliota meupe, kama inavyotokea kwa punda, kwa hiyo Sista alikuwa na madoa mawili meupe mgongoni, na mtu yeyote anayejua punda angeyaona akiwa ng'ambo ya uwanja na kusema, huyu aliwahi kuteswa.

Ndipo nikakutana na ile video. Nilikuwa dukani nachaji simu, nikaona farasi wa Ulaya wa maonesho, mnyama anayeng'aa kama kabati jipya, na matakoni amepambwa miraba kama ubao wa drafti. Wala hawakutumia rangi. Wanalowesha manyoya, wanayalaza upande mmoja kwa brashi, kisha kwa kichana kifupi wanachana kinyume mraba mmoja, wanaruka mmoja, wanachana mwingine, na mwanga ukipiga, mraba huu unang'aa na ule unafifia. Nikawaza: Sista akiwa na miraba arobaini, nani ataona miwili?

Nilianza siku tatu kabla ya onesho. Ninachotaka muelewe ni kwamba manyoya ya farasi wa Ulaya ni hariri, na manyoya ya punda wa Hanang mwezi wa sita, na baridi ile inayoshuka mlimani, ni zulia la mlangoni. Nilichana kinyume, yakarudi. Nililowesha, yakarudi yakiwa yameloa. Nilipaka mafuta ya mgando, vumbi likanata, Sista akaonekana kama ametolewa shimoni. Nikapika uji mzito wa unga, nikampaka, ukashika kweli, miraba ikasimama vizuri sana kwa dakika kama tano, halafu kuku wakaja wakaanza kumdonoa. Mtu mwenye akili angejifunza kitu kutoka kwa wale kuku. Mimi niliwafukuza.

Jioni yake nikaona debe la chumvi ile ya ziwani, ile nyeupe ya udongoudongo inayochotwa Balangida kulishia mifugo. Nikachota kidogo, nikachanganya na maji mpaka ikawa kama chokaa, nikajaribu mraba mmoja. Ikakauka nyeupe, ngumu, safi. Nikakata kibao cha boksi la sabuni, nikatoboa tundu za mraba, na kesho yake mchana nikaanza kazi rasmi. Shangazi akatoka jikoni, akasimama, mkono kiunoni.

"Daniel, hiyo ni chumvi ya ng'ombe."

"Ni madini tu, Shangazi. Nani alisema lazima iliwe na ng'ombe?"

"Ng'ombe ndio walisema."

Akanitazama nikiendelea. Nilipofika kwenye lile doa la kushoto na kuliziba akasogea karibu. "Hayo makovu ungeyaacha," akasema. "Mnyama aliumia, akapona. Si aibu yake."

"Majaji watayaona."

"Wayaone. Wakiniuliza nitawaambia ilivyokuwa."

Na hapa niwe mkweli kwenu, kwa sababu tumefika mahali pa kuwa mkweli. Aliposema hivyo ndipo nilipopaka tabaka la pili. Ilivyokuwa ilinihusu mimi, na sikutaka iambiwe kata nzima na mwanamke asiyejua kusema uongo.

Siku ya onesho tulitoka asubuhi, Shangazi kavaa kitenge chake cha kanisani, mimi shati jeupe la mahafali, Sista na miraba yake arobaini, na nisifiche, alipendeza. Watu walisimama barabarani. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni aliuliza, "Huyu ni punda au ni kitambaa cha meza?" Vijana wakapiga naye picha. Nilipofika Mogitu nilikuwa nimeshavimba kichwa kiasi kwamba mtu akiniuliza namjibu kwa maneno ya mtaalamu, nikimwambia kwamba sanaa hii ina historia ndefu (sikuijua historia yenyewe), na mashati ya watu yalipomgusa Sista nilikuwa naenda kumrekebisha kwa vidole, halafu nafuta vidole kwenye shati na suruali yangu. Kumbukeni hilo la shati.

Uwanja ulikuwa umegawanywa kwa kamba. Upande mmoja punda wanatembezwa kwa mduara, upande wa pili ng'ombe walioletwa kutoka Getanuwas na kwingine, katikati turubai la meza kuu, na pembeni mshereheshaji mwenye kipaza sauti ambaye alikuwa hawezi kunyamaza hata kama anakunywa maji. Kwenye kona ya kamba alisimama mfugaji mmoja wa Getanuwas, Mzee Gidamis, shuka begani, fimbo mkononi, nyuma yake ng'ombe wake wa maonesho.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akamtazama Sista kutoka pua mpaka mkia. "Kijana, mnyama wako anaumwa nini?"

"Ni urembo, mzee."

"Urembo," akarudia, kama mtu aliyekanyaga kitu na sasa anatafuta kujua ni nini. Kisha akanusa. "Mbona ananukia ziwa?"

Ningeweza kusema. Nilikuwa na nafasi, ndugu zangu, nilikuwa na nafasi nzuri tu ya kusema ni chumvi, mzee, na yeye angenicheka kidogo na yangeisha. Nikasema, "Ni rangi ya kawaida."

"Sawa. Lakini mpitishe mbali na wangu. Hawajaonja chumvi tangu mwezi uliopita, kesho ndio nawapeleka ziwani. Wana wazimu kidogo."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Mimi!

Tukaanza mduara. Jaji alikuwa Daktari Mwanaisha, daktari wa mifugo aliyehamishiwa huku kutoka Tanga, mama mpole anayevaa masweta mawili na bado anatetemeka, na alikuwa anapita punda mmoja baada ya mwingine akipapasa migongo, akiinua kwato, akiandika. Tulikuwa wa sita. Tulipopita kona ya Mzee Gidamis kwa mara ya kwanza hakuna kilichotokea. Mara ya pili ng'ombe mmoja mwekundu mwenye pembe iliyolala aliinua kichwa. Mara ya tatu akanyoosha shingo juu ya kamba, akatoa ulimi, na taratibu, bila haraka, kama mtu anayefuta vumbi kwenye kioo, akafuta mraba mmoja.

"Mheshimiwa mgeni rasmi," mshereheshaji akapaza sauti, "tunaona pale ng'ombe akimpongeza punda!"

Watu wakapiga makofi. Na labda ni makofi, labda ni upepo, sijui, lakini ng'ombe wote waligeuza vichwa kwa pamoja, na mimi ambaye siamini ishara nilihisi baridi ikinipanda mgongoni. Kamba ilidumu kama sekunde tatu.

Sista, kwa kumbukumbu, hakukimbia mwanzoni. Walimzunguka, wakaanza kumlamba shingo, mbavu, matako, naye akafumba macho kama mtu anayesukwa nywele. Kilichomshinda ni pale wa tisa au wa kumi walipofika na kukosa nafasi wakaanza kusukumana. Akarusha teke moja hewani, akaniponyoka, akakimbilia mahali pekee palipokuwa wazi, yaani meza kuu. Akapita chini ya turubai. Ng'ombe wakapita chini ya turubai. Mgeni rasmi alisimama juu ya kiti na soda yake mkononi, bila kumwaga hata tone (kwa hilo namheshimu), na kitambaa cha meza kikaondoka kwenye pembe za ng'ombe mmoja pamoja na maua yake.

Mimi nilikuwa nakimbia nyuma yao nikipiga kelele "Sista! Sista!", na watu waliotoka mbali wakadhani kuna mtawa anahitaji msaada. Ndipo nikahisi kitu cha moto na kikali kama tupa ya seremala kikinipita mgongoni kutoka kiunoni mpaka shingoni. Nikageuka. Alikuwa yule mwekundu mwenye pembe iliyolala. Akanilamba kifuani. Mwingine akashika mfuko wa suruali. Nikakumbuka vidole, nikakumbuka shati, nikaelewa kila kitu kwa wakati mmoja, na elimu yangu yote ya chuo ikanishauri jambo moja tu: panda juu. Nikapanda juu ya spika la muziki.

"Na sasa mtaalamu mwenyewe yuko juu ya spika!" mshereheshaji akasema, kwa furaha ambayo sijawahi kuisikia kwenye mpira wa aina yoyote. "Ng'ombe wanamfuata! Wanamtaka mtaalamu!"

Muziki ulikuwa bado unapiga, na spika lilikuwa linatetemeka, na mimi niliyekuwa juu yake nilitetemeka nalo, kwa hiyo kwenye zile video inaonekana kabisa kama nacheza. Sikuwa nacheza.

Mzee Gidamis alifika. Alikuwa amecheka mpaka ameketi chini kwanza, nilimwona, kisha akainuka akaja akijifuta macho kwa ncha ya shuka. "Kijana wa rangi ya kawaida," akaniambia, "vua shati."

"Mzee, baridi."

"Vua shati, au ukae na hawa mpaka usiku."

Nikavua. Akalitundika kwenye ncha ya fimbo, akalipitisha mbele ya pua ya yule mwekundu, akaanza kutembea zake kuelekea zizi la kamba bila kutazama nyuma, na ng'ombe kumi na saba wakajipanga nyuma ya shati langu la mahafali kama waumini nyuma ya msalaba. Shati sikulipata tena. Aliniambia baadaye kwamba liliisha.

Mnadhani yameisha? Uwanja ulipotulia, Sista alionekana amesimama peke yake katikati, kimya, ameloa. Miraba yote ilikuwa imelambwa. Alikuwa safi kuliko nilivyowahi kumwona, kijivu kinang'aa, msalaba mweusi umekoza, na kila upande wa msalaba, kwenye jua la saa sita, madoa yangu mawili meupe kama sahani.

Daktari Mwanaisha akaenda akayapapasa. Shangazi alikuwa ameshafika, kashika sikio la Sista. Mimi nikasogea, kifua wazi, mikono kwapani.

"Haya makovu yalikuwa yamefichwa?" Daktari akauliza.

"Daktari, inategemea tunaelezaje neno kuficha," nikaanza, na hapo nikagundua kwamba mshereheshaji amesimama nyuma yangu na amenisogezea kipaza sauti mdomoni. Sauti yangu ilirudi kutoka milimani. Watu wakaangua kicheko.

Shangazi hakucheka. Alisema polepole, "Mwambie, mwanangu."

Angeweza kusema yeye. Siku ile ya kupaka alisema angesema, na hilo ndilo nililoliogopa, na sasa alikuwa ananiachia mimi.

"Ni mimi," nikasema. Kipaza sauti kikasema pamoja nami. "Nilimfunga viazi bila kumwekea gunia. Shangazi aliniambia niliweke, nikaliacha nyuma ya mlango."

"Kwa nini?" Daktari akauliza. Aliuliza kwa upole kabisa, kama anavyouliza mtu anayetaka kujua.

Nikafungua mdomo. Miaka yote ile ninauliza watu swali hilo, na sikuwahi kuwaza kwamba siku moja litakuja upande wangu. Uwanja ulinyamaza, hata mshereheshaji. Nilitafuta kila mahali, nikakuta tu kwamba sikupenda kuambiwa.

"Sijui," nikasema.

Daktari akatikisa kichwa. "Lahaula, mwanangu. Kovu lililopona vizuri namna hii si kosa. Mama kamuuguza vyema, ningempa alama zake. Lakini mnyama aliyepakwa kitu ili jaji asione, sina ruhusa ya kumpima. Mtoe." Kisha akapitisha kiganja mbavuni mwa Sista, mahali ndimi zilipopachubua. "Na wiki tatu asibebe kitu."

Mkokoteni ulikwenda kwa bwana mmoja wa Mogitu, ambaye punda wake alikuwa na vumbi, na majani makavu mkiani, na kovu moja begani ambalo yeye mwenyewe alimwonyesha Daktari kwa kidole.

Tulirudi kwa miguu. Shangazi alinifunika kitenge chake cha kanisani mabegani, yeye akabaki na sweta na gauni, na tukaenda hivyo mpaka tulipoanza kupanda kile kilima cha kuingia Gitting. Hapo nikasikia sauti, nikadhani analia. Nikageuka kumwomba msamaha, maneno yalikuwa tayari. Alikuwa anacheka, ameegemea punda, machozi yanatiririka.

"Kumi na saba," akasema. "Niliwahesabu."

Kwa hiyo wiki tatu Sista alikula majani, na maji niliyachota mimi, maana Shangazi alipochukua ndoo asubuhi ya kwanza nilimnyang'anya. Nilifunga dumu la lita ishirini mgongoni mwangu kwa kamba ile ile ya viazi, nikaenda chemchemi, nikarudi, na kwenye safari ya pili kamba ilikuwa imeshanila bega. Nilipofika nyumbani nikakuta lile gunia kuukuu, limekunjwa mara nne, limewekwa juu ya kizingiti. Shangazi alikuwa jikoni, amenipa mgongo, anachochea moto.

Sasa naapa mbele yenu: sitampaka tena mnyama yeyote kitu ambacho mnyama mwingine anakila, na mnyama ambaye Mungu ameshamchora (au jeni, hilo bado tunalijadili) nitamwacha na michoro yake, yote, pamoja na ile niliyoiongeza mimi. Kuhusu kuuliza maswali, sijaacha. Lakini gunia lile nililiokota, nikaliweka begani chini ya kamba, nikarudi chemchemi kwa safari ya tatu, na sikuuliza.